Mana (Biblia)

Mana (kwa Kiebrania man, kwa Kigiriki manna) ni chakula ambacho, kadiri ya Biblia, Mungu aliwapa Waisraeli jangwani kwa muda wa miaka 40, tangu muda mfupi baada ya kutoka Misri hadi walipoingia nchi ya Kanaani. Habari zake zinapatikana hasa katika Kitabu cha Kutoka sura ya 16 na Kitabu cha Hesabu sura ya 11, lakini inatajwa pia katika vitabu vingine vingi vya Agano la Kale na Agano Jipya, na vilevile katika Qurani.

Katika imani ya Wayahudi na ya Wakristo, mana ni kielelezo kikuu cha riziki itokayo kwa Mungu. Hata hivyo Biblia yenyewe haiielezi kama chakula cha tumbo tu. Tayari katika Agano la Kale inafasiriwa kuwa somo kuhusu neno la Mungu, na katika Injili ya Yohana Yesu anailinganisha na nafsi yake mwenyewe. Swali la namna gani mkate wa mwili na mkate wa roho vinahusiana limejadiliwa tangu wakati huo hadi leo, na limewahi kuwatenganisha Wakristo.

## Jina

Kitabu cha Kutoka kinaeleza kwamba Waisraeli walipoona kitu hicho mara ya kwanza waliulizana "man hu?", yaani "ni nini hiki?", kwa sababu hawakukijua, kutokana na swali hilo kikaitwa man. Wataalamu wengi wanaona maelezo hayo kama mchezo wa maneno, kwa kuwa katika Kiebrania cha kawaida "nini" ni mah. Kwa vyovyote vile, msimulizi alitaka msomaji akumbuke kwamba chakula hicho kilipewa jina la swali: watu walikila miaka 40 bila kukipatia jina lingine.

Kiswahili kilipokea neno hilo kupitia tafsiri za Biblia. Lisichanganywe na "mana" ambalo ni kifupi cha "maana" katika mashairi ya kale ya pwani.

## Simulizi la Kitabu cha Kutoka

Siku ya 15 ya mwezi wa pili tangu watoke Misri, Waisraeli walifika jangwa la Sini, lililo kati ya Elimu na Sinai. Huko waliwanung'unikia Musa na Haruni kwa sababu ya njaa, wakikumbuka nyama na mikate waliyokula utumwani. Inafaa kuzingatia kwamba katika sura hiyo Mungu hawaadhibu kwa manung'uniko yao. Anawajibu kwa kuwapa chakula. Jioni walikuja kware wakaifunika kambi, na asubuhi ulianguka umande. Umande ulipokauka, juu ya ardhi vilionekana vipande vidogo vyembamba kama sakitu. Msimulizi anasema vilikuwa vyeupe, vinafanana na mbegu za giligilani, na ladha yake ilikuwa kama ya maandazi membamba yenye asali.

Maagizo yaliyofuata ndiyo kiini cha simulizi. Kila mtu aliagizwa kuokota kiasi cha kumtosha kula, yaani omeri moja kwa kila kichwa kadiri ya idadi ya watu waliomo hemani mwake. Omeri ilikuwa sehemu ya kumi ya efa, na wataalamu wanaikadiria kuwa kati ya lita 2 na 4. Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano imeiita "pishi", kipimo ambacho watu wa pwani walikitumia kupimia nafaka, nacho ni sawa na vibaba vinne. Msomaji wa Kiswahili anapata hapo picha nzuri kuliko katika lugha nyingi za Ulaya: mtu anatoka na chombo cha kupimia nafaka, anakijaza, anarudi nyumbani.

Watu walipopima walichookota waliona jambo la ajabu. Aliyeokota kingi hakuzidishiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Halafu Musa alikataza mtu yeyote asibakize hadi asubuhi. Wengine hawakusikia, na walichobakiza kilitoa mabuu na kunuka. Basi wakawa wanaokota kila asubuhi, kwa maana jua lilipokuwa kali mana iliyobaki uwandani iliyeyuka.

Siku ya sita waliokota mara mbili, nayo haikuoza usiku ule, kwa sababu siku ya saba ilikuwa Sabato na mana haikupatikana. Waliotoka kuitafuta siku hiyo walirudi mikono mitupu. Hii ni mara ya kwanza katika Biblia kwa watu kuagizwa kupumzika siku ya Sabato, kabla hata ya Amri Kumi kutolewa mlimani Sinai katika sura ya 20. Watu waliotoka utumwani, ambako hawakuwa na siku ya mapumziko, walijifunza Sabato kwanza kupitia chakula.

Mwishoni Haruni aliagizwa kujaza omeri moja ya mana katika chombo na kuiweka mbele ya Bwana, ili vizazi vijavyo viione. Waraka kwa Waebrania (9:4) unasema chombo hicho kilikuwa cha dhahabu na kilikaa ndani ya sanduku la agano. Mana iliyooza kwa usiku mmoja katika hema la mtu binafsi ilitunzwa kwa vizazi ilipowekwa kwa agizo la Mungu.

## Manung'uniko ya Kitabu cha Hesabu

Kitabu cha Hesabu kinarudia habari za mana kwa sura tofauti. Hapa watu wameizoea na wameichoka. Wanakumbuka samaki waliokula Misri bila kulipa, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu, wanalia kila familia mlangoni pa hema yake. Msimulizi anaeleza mapishi: mana ilisagwa kwa mawe au ilitwangwa kinuni, ikatokoswa vyunguni au kufanywa mikate, na ladha yake ilikuwa kama ya kitu kilichoandaliwa kwa mafuta. Tofauti ya ladha kati ya sura hii na Kutoka 16 iliwapa wafafanuzi wa kale kazi kubwa. Kitabu cha Hekima (16:20-21), kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 KK au karibu na hapo, kinasema mana iligeuka kulingana na hamu ya kila mlaji. Mafundisho ya walimu wa Kiyahudi yanataja wazo la namna hiyo pia.

Jambo linalopuuzwa mara nyingi katika mahubiri ni kazi iliyokuwemo. Mana haikuanguka midomoni. Ilibidi mtu aamke mapema kabla ya jua, ainame kuiokota, aipime, aisage au aitwange, akoke moto na kupika. Riziki iliyotoka mbinguni iliacha jasho palepale lilipokuwa, isipokuwa kulima na kuvuna.

Safari hii manung'uniko yalikuwa na matokeo mabaya. Kware walikuja kwa wingi, watu wakajikusanyia malundo, na wengi wakafa kwa pigo. Mahali hapo paliitwa Kibroth-hataava, yaani makaburi ya tamaa. Katika sura ya 21 wanalalamika tena wakikiita chakula hicho duni, ndipo inapofuata habari ya nyoka na ya nyoka wa shaba ambayo Injili ya Yohana (3:14) inaihusisha na msalaba wa Yesu.

## Mwisho wa mana

Kadiri ya Kitabu cha Yoshua (5:10-12), Waisraeli waliadhimisha Pasaka huko Gilgali, karibu na Yeriko, na siku iliyofuata walikula mazao ya nchi. Mana ikakoma kesho yake, baada ya wao kula mazao hayo. Kitabu hakielezi kukoma huko kama adhabu. Mvua, udongo na mavuno ya Kanaani vilichukua nafasi yake, na Kumbukumbu la Torati sura ya 8 ilikuwa imeshaonya kwamba hatari itakuwa kubwa zaidi huko: mtu aliyeshiba, aliyejenga nyumba na ambaye mifugo yake imeongezeka ataweza kudhani kwamba nguvu zake mwenyewe ndizo zilizompatia utajiri.

## Mana na suala la akiba

Methali ya Kiswahili inasema akiba haiozi. Mana iliwekwa akiba ikaoza. Mgongano huo umewafanya baadhi ya wasomaji waone katika Kutoka 16 fundisho kwamba kuweka akiba ni kukosa imani, na mara kwa mara hoja hiyo husikika katika mahubiri dhidi ya benki, bima au ghala.

Biblia kwa jumla haiungi mkono hitimisho hilo. Katika Kitabu cha Mwanzo sura ya 41, Yosefu anamshauri Farao kukusanya sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe kwa ajili ya miaka saba ya njaa, na mpango huo unasifiwa kuwa unatoka kwa Roho wa Mungu. Kitabu cha Mithali (6:6-8) kinamtuma mvivu kwa chungu, mdudu anayejiwekea chakula wakati wa mavuno. Tena katika sura hiyohiyo ya mana, akiba ya siku ya sita iliruhusiwa, na haikuharibika. Kilichokatazwa kilikuwa kujilimbikizia kinyume cha agizo, kwa hofu ya kwamba kesho hakutakuwa na kitu, katika hali ambapo kila jirani alitegemea uwanda uleule.

Yesu anafuata mstari huohuo katika mfano wa tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi (Luka 12:16-21). Mavuno yake hayalaumiwi. Anaitwa mpumbavu kwa sababu katika mazungumzo yake yote anajitaja mwenyewe tu: mazao yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Upande wa pili, Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike walioacha kazi kwamba asiyetaka kufanya kazi asile (2 Thes 3:10). Mafundisho kuhusu riziki ya Mungu yanayoacha mojawapo ya pande hizo mbili yanakuwa pungufu.

## Kutoka chakula hadi neno

Hatua kubwa ya tafsiri inafanywa na Kumbukumbu la Torati 8:3. Hapo Musa anaeleza kwamba Mungu aliwaacha watu waone njaa, kisha akawalisha mana, ili wajue kwamba uhai wa mtu hautegemei mkate peke yake, unategemea pia kila linalotoka kinywani mwa Mungu. Mwandishi hadharau mkate. Anaona njaa na shibe vyote viwili kuwa shule.

Zaburi ya 78 inaiita mana nafaka ya mbinguni na chakula cha malaika, huku ikiwalaumu mababu waliokila kisha wakaasi. Nehemia sura ya 9 inataja pamoja mana, maji ya mwambani na Roho mwema wa Mungu aliyetolewa kuwafundisha. Habari za manabii zina mwangwi wake pia. Eliya alilishwa na kunguru karibu na kijito cha Kerithi, halafu na mjane wa Sarepta ambaye unga wake haukwisha katika chombo (1 Fal 17), na baadaye alipokata tamaa hata akaomba kufa, alipewa mkate na maji vikamtosha kutembea siku 40 hadi mlima Horebu (1 Fal 19). Namba 40 haikuwekwa bure.

Filo wa Aleksandria, mwanafalsafa Myahudi wa karne ya 1, aliifafanua mana kuwa ni Neno la Mungu linalolisha nafsi. Walimu wa Kiyahudi waliendelea kuitafakari kwa namna nyingine. Mishna (Avot 5:6) inaiweka kati ya vitu kumi vilivyoumbwa jioni ya kuingia Sabato ya kwanza. Katika Talmudi (Yoma 76a) wanafunzi wanamuuliza Shimoni bar Yohai kwa nini mana haikushuka mara moja kwa mwaka. Anajibu kwa mfano wa mfalme aliyempa mwanae masurufu ya mwaka mzima kwa mara moja, akawa anamwona mwanae mara moja tu kwa mwaka. Alipobadilisha akawa anampa kila siku, mwana alikuja kila siku. Wayahudi hadi leo huweka mikate miwili mezani siku ya Sabato kwa kukumbuka mgawo maradufu wa siku ya sita.

## Yesu na mkate wa uzima

Injili zinaanza suala hili kwa njaa. Baada ya kufunga siku 40 jangwani, Yesu alishawishiwa kugeuza mawe kuwa mikate, akakataa kwa kutumia maneno ya Kumbukumbu la Torati 8:3 (Math 4:1-4). Lakini baadaye, alipokuta umati wenye njaa, hakuwaambia wajiridhishe na neno. Aliwalisha. Ulishaji wa watu 5,000 ndio muujiza pekee wa utume wake, kabla ya ufufuko, unaosimuliwa na Injili zote nne. Yohana peke yake anataja kwamba mikate mitano ilikuwa ya shayiri, chakula cha maskini, na kwamba Pasaka ilikuwa karibu. Mikate ya shayiri inakumbusha habari ya Elisha aliyelisha watu 100 kwa mikate 20 (2 Fal 4:42-44). Tofauti na mana, mabaki yalikusanywa yasipotee, yakajaza vikapu 12.

Kesho yake, huko Kapernaumu, watu waliomfuata walimdai ishara wakimtajia mana ya baba zao (Yoh 6). Jibu la Yesu lina hatua tatu. Kwanza, aliyetoa mana hakuwa Musa. Pili, waliokula mana walikufa. Kwa hiyo haikuwa bado mkate wa kweli kutoka mbinguni. Tatu, mkate huo ni yeye mwenyewe, naye anatoa mwili wake kwa ajili ya uzima wa ulimwengu. Mwinjili anatumia hapo neno lilelile la kunung'unika ambalo tafsiri ya Kigiriki ya Kutoka 16 inalitumia kwa Waisraeli. Wanafunzi wengi waliona mafundisho hayo magumu wakaacha kufuatana naye. Yesu hakuwarudisha kwa kulegeza maneno. Aliwauliza wale Kumi na Wawili kama nao wanataka kuondoka, na Petro akajibu kwa niaba yao kwamba hawana mwingine wa kumwendea.

Sura hiyo haisimulii karamu ya mwisho, na Injili ya Yohana haina maneno ya kuweka ekaristi yaliyomo katika Mathayo, Marko, Luka na 1 Wakorintho. Ndiyo sababu swali kama Yohana 6 inazungumzia sakramenti au imani tu limekuwa na uzito mkubwa katika historia ya Kanisa.

## Riziki au mkate katika Sala ya Bwana

Ombi la nne la Sala ya Bwana linaonyesha ugumu uleule katika neno moja. Kigiriki kinatumia kivumishi epiousios kuhusu mkate unaoombwa, na neno hilo halipatikani kwa hakika katika maandishi ya Kigiriki nje ya sala hiyo na ya waliofafanua. Linaweza kumaanisha mkate wa leo, wa siku inayokuja, unaohitajika ili kuishi, au hata mkate upitao vitu vyote. Jeromu, alipotengeneza tafsiri ya Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, alitumia neno lenye maana ya "upitao uhalisi" katika Mathayo, akaacha "wa kila siku" katika Luka, ingawa Kigiriki ni kilekile mahali pote pawili. Anaeleza pia kwamba katika Injili ya Waebrania alikuta neno mahar, yaani kesho.

Watafsiri wa Kiswahili nao walilazimika kuchagua. Tafsiri ya Muungano, ambayo Biblia yake nzima ilitolewa mwaka 1952 na inatumika hasa kati ya Waprotestanti na Waanglikana, ilitumia neno "riziki". Sala inayotumiwa na Wakatoliki inasema "mkate" wa kila siku. Kila chaguo lina faida na hasara yake. Riziki, neno lenye asili ya Kiarabu, linabeba wazo kwamba mgawo wa kila kiumbe unatoka kwa Mungu, na linaeleweka hata kwa asiyekula mkate bali ugali, wali au ndizi. Lakini linapoteza uzi unaounganisha sala hiyo na mana, na ulishaji wa umati, na meza ya karamu ya mwisho, kwani kote huko Biblia inasema mkate. Anayesali kwa neno "mkate" anaushika uzi huo, ila katika nchi ambako mkate ulikuja kama chakula cha kununua dukani, ombi linaweza kusikika dogo kuliko lilivyo.

Agostino wa Hippo alitaja maana tatu za ombi hilo: mahitaji ya mwili, sakramenti ya mwili wa Kristo, na neno la Mungu linalotafakariwa kila siku. Gregori wa Nyssa alitilia mkazo kwamba Wakristo wameagizwa kuomba mkate, si anasa, na kwamba mkate uliopatikana kwa dhuluma hauwezi kuhesabiwa kuwa umetoka kwa Mungu.

## Paulo: kutoka mana hadi mchango

Paulo anaitumia mana mara mbili. Katika 1 Wakorintho 10 anaiita chakula cha kiroho, na papo hapo anaonya kwamba wengi wa waliokila walianguka jangwani. Kushiriki chakula kitakatifu hakumhakikishii mtu usalama akiendelea na ibada ya sanamu na uzinzi. Katika 2 Wakorintho 8 anafanya jambo lisilotazamiwa. Alikuwa akikusanya mchango kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu, na ili kuwashawishi Wakorintho anataja kauli ya Kutoka 16:18 kuhusu aliyeokota kingi na aliyeokota kidogo. Jangwani usawa ulitokea kwa muujiza wakati wa kupima. Katika Kanisa, kadiri ya Paulo, usawa huo unapaswa kutokea kwa hiari ya wenye ziada kuwasaidia waliopungukiwa, na siku nyingine kinyume chake.

Kati ya matumizi yote ya mana katika Agano Jipya, hili ndilo linalotajwa kwa nadra zaidi, ingawa ndilo lililo karibu zaidi na agizo la asili. Kitabu cha Ufunuo (2:17), kwa upande wake, kinaahidi mana iliyofichwa kwa washindi wa Kanisa la Pergamo, waliokuwa na tatizo la vyakula vilivyotolewa kwa sanamu.

## Mabishano kuhusu ekaristi

Mababu wa Kanisa waliiona mana kama mfano wa ekaristi. Ambrosi wa Milano, katika mafundisho yake kwa wabatizwa wapya, aliwalinganishia chakula kilichooza na mwili wa Kristo usioharibika. Papa Urbano IV alipoanzisha sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa lote la Kilatini mwaka 1264, mana ilipata nafasi katika matini za liturujia zinazohesabiwa kuwa kazi ya Thoma wa Akwino.

Katika karne ya 16 Yohana 6 ikawa uwanja wa mapambano. Huldrych Zwingli wa Zürich alitegemea aya ya 63, inayosema Roho ndiye atoaye uzima, ili kufundisha kwamba mkate wa karamu ni ishara. Martin Luther, aliyeshikilia kwamba Kristo yupo kweli katika mkate na divai, alisema katika maandishi ya mwaka 1520 kwamba sura hiyo haihusu sakramenti bali imani, akajenga hoja yake juu ya maneno ya karamu ya mwisho. Walipokutana Marburg mwaka 1529 walikubaliana karibu mambo yote isipokuwa hilo. Kanisa Katoliki na Makanisa ya Kiorthodoksi yanaisoma sura hiyo kuhusu imani na ekaristi kwa pamoja.

## Katika Uislamu

Qurani inataja mana pamoja na salwa (kware) mara tatu, katika sura za Al-Baqara (2:57), Al-A'raf (7:160) na Ta-Ha (20:80), kati ya neema walizopewa Wana wa Israeli. Pia katika Al-Baqara (2:61) wanalaumiwa kwa kuchoka na chakula cha aina moja na kuomba mboga, matango, adesi na vitunguu. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inasema uyoga wa jangwani uitwao kam'a ni sehemu ya mana, na maji yake ni dawa ya macho.

## Maelezo ya kisayansi

Wasafiri wa karne ya 19 waliona kwamba Waarabu wa Sinai walikusanya kitu kitamu walichokiita man chini ya miti ya tamariski (isichanganywe na mkwaju wa Afrika Mashariki). Johann Ludwig Burckhardt alikieleza baada ya safari yake ya mwaka 1816. Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg, aliyefika huko mwaka 1823, alikihusisha na wadudu-gamba wanaofyonza utomvu wa miti hiyo. Mwaka 1927 Friedrich Simon Bodenheimer na Oskar Theodor walifanya utafiti Sinai wakathibitisha kwamba ni majimaji yenye sukari yanayotolewa na wadudu hao, hasa spishi Trabutina mannipara. Katika hewa kavu ya jangwa majimaji hayo huganda kuwa chembe nyeupe au za manjano, zinazokusanywa asubuhi kabla hazijalainishwa na joto na kabla ya kuchukuliwa na sisimizi.

Mfanano na simulizi la Biblia ni mkubwa: umbo, utamu, wakati wa kuokota. Tofauti nazo ni kubwa. Mana ya tamariski hupatikana kwa majuma machache tu wakati wa kiangazi, kwa kiasi kidogo, haiozi kwa usiku mmoja, haisagwi kwa mawe, na haijui Sabato. Wengine wamependekeza kuvu za miambani zinazopeperushwa na upepo, lakini aina hizo hazijathibitika kuwepo Sinai kwa wingi. Wafafanuzi kadhaa wanaona kwamba simulizi lilitokana na kitu halisi ambacho wakazi wa jangwa walikifahamu, na kwamba mwandishi alitaka kusimulia yale yaliyopita kawaida yake. Wengine wanashika muujiza tupu, na wengine wanaliona kama simulizi la kidini lisilohitaji kutafutiwa mmea wala mdudu.

Jina la mana limebaki pia katika biashara. Kisiwani Sicilia bado hukusanywa utomvu mtamu wa mti Fraxinus ornus unaoitwa mana na kutumiwa kama dawa laini ya kufungua choo, na kutokana nao ilipata jina lake manitoli, sukari-alkoholi inayotumika leo hospitalini kupunguza uvimbe wa ubongo.